Nairobi Expressway: Lami Safi, lakini Mzigo wa Dola Kabebeshwa Dereva

Kinachouzwa Nairobi Expressway ni uhakika wa muda. Kilomita 27.1 kutoka Mlolongo hadi karibu na James Gichuru, Westlands, bila taa za barabarani, bila mizunguko, bila matatu kusimama ghafla mbele yako. Gari dogo likienda mwanzo hadi mwisho hulipa shilingi 500. Bidhaa hiyo ipo, na inafanya kazi karibu kama ilivyotangazwa.

Ila nyuma ya kila shilingi 500 kuna mkataba wa miaka 30 kati ya serikali ya Kenya, kupitia mamlaka ya barabara kuu KeNHA, na kampuni ya China Road and Bridge Corporation (CRBC), ambayo tawi lake la Moja Expressway ndilo linaloendesha barabara na kukusanya ada. Kuipima huduma hii bila kuupima mkataba ni kazi nusu, kwa sababu mkataba ndio unaoamua utalipa kiasi gani mwaka ujao, na mwaka 2040. Barabara tunaipa alama nane kwa kumi. Mkataba, kwa yale yaliyowekwa wazi, tunaupa tano.

Barabara yenyewe

Kuanzia Mlolongo kuna leni tatu kila upande. Mbele, kuelekea Westlands, zinabaki mbili, na sehemu kubwa iko juu ya nguzo. Dereva aone tofauti hiyo kabla ya kuingia: gari moja likizimika kwenye leni mbili zilizo hewani, nusu ya njia imekufa, na huna pa kuchepukia mpaka njia ya kutokea inayofuata. Kasi ya juu ni kilomita 80 kwa saa. Bodaboda, tuktuk na watembea kwa miguu hawaruhusiwi.

Kulipa kuna njia tatu: pesa taslimu, kadi unayoijaza mapema, na kifaa cha kielektroniki kinachobandikwa kwenye kioo cha mbele. Anayepita mara kwa mara achukue kifaa. Kizuizi hujifungua chenyewe, na foleni ya leni hiyo huwa fupi. Kosa linalowakwamisha wengi ni kuingia kwenye leni ya kifaa salio likiwa limekwisha. Kizuizi hakifunguki, walio nyuma hawawezi kurudi, na wote mnasimama. Jaza kabla hujaondoka nyumbani, usijaze ukiwa kwenye mteremko wa kuingilia. Kosa la pili ni kumfuata wa mbele kwa karibu mno ukitumaini kizuizi kitakaa wazi. Kinasoma gari moja moja, kwa hiyo acha nafasi.

Ada hutegemea ulikoingia, unakotokea na aina ya gari, yaani idadi ya ekseli na kimo. Ukipitiliza njia ya kutokea hakuna kugeuza. Unaendelea hadi inayofuata na kulipia umbali ulioongezeka. Mgeni wa barabara hii asome kwanza ramani ya njia za kutokea, hasa upande wa mjini ambako zinakaribiana.

Alama mbili tunazozikata ni za miisho. Jioni, magari yanayoteremka Museum Hill na Westlands yanaingia kwenye barabara zilezile zilizokuwa zimejaa tangu zamani. Muda uliouokoa juu unaweza kuumwaga wote kwenye mteremko wa kutokea. Huo si uzembe wa mwendeshaji. Ni ubunifu uliohesabu uwezo wa barabara mpya bila kuhesabu uwezo wa makutano inakomwagia magari, na ni jambo la kuandikwa mapema kwenye mkataba: nani anapanua makutano ya chini, kwa fedha ya nani, na kabla ya tarehe ipi.

Kwa anayewahi ndege JKIA akitokea Westlands, au lori linalovuka jiji bila shughuli ya mjini, ada inajilipa. Kwa anayetoka South C kwenda katikati ya mji, mara nyingi haijilipi. Na kwa mfanyakazi anayekwenda na kurudi njia nzima siku 22 za mwezi, hesabu ni shilingi 22,000. Kwa Wakenya wengi hiyo ni kodi ya nyumba.

Kutoka 360 hadi 500

Barabara ilipofunguliwa kwa majaribio Mei 14, 2022, gari dogo kutoka Mlolongo hadi Westlands lililipa shilingi 360. Kuanzia Januari 1, 2024 likalipa 500. Lami haikubadilika, wala leni, wala kasi. Kilichobadilika ni thamani ya shilingi, na serikali ilipotangaza ada mpya ilisema hivyo waziwazi: mkataba unaruhusu ada kurekebishwa kufuatana na mwendo wa shilingi dhidi ya dola.

Fanya hesabu mwenyewe. Mwishoni mwa 2021 dola moja ilikuwa karibu shilingi 113. Mwishoni mwa 2023 ilikuwa karibu 157. Gawanya 157 kwa 113, unapata 1.39. Zidisha 360 kwa 1.39, unapata 500. Hii ni hesabu yetu, si maneno ya mkataba, lakini jibu linaangukia pale pale kwenye ada mpya, na maana yake ni nzito: karibu mshuko wote wa shilingi umehamishwa kwa dereva, senti kwa senti, bila mwekezaji kubaki na hata sehemu.

Sababu inaeleweka. Mkopo wa ujenzi ulichukuliwa kwa fedha za kigeni. Mapato yanaingia kwa shilingi, marejesho yanatoka kwa dola. Shilingi ikianguka, mapato yaleyale hayatoshi tena kulipa mkopo uleule. Mkopeshaji anaijua hatari hiyo na hatoi fedha mpaka aone imeandikiwa mbebaji. Swali ni nani.

Kanuni ya kugawana hatari katika ubia wa aina hii, wa serikali na kampuni binafsi, ni moja, na kila anayeandaa mikataba anaijua: hatari apewe yule anayeweza kuidhibiti, na kama hakuna anayeweza, apewe yule anayeweza kuibeba kwa gharama ndogo zaidi. Dereva wa Syokimau hadhibiti sera ya fedha. Hawezi kununua benki kinga ya ubadilishaji, yaani kulipia ulinzi dhidi ya dola kupanda. Hana hata taarifa ya kumwezesha kujipanga. Kwa kipimo chochote, yeye ndiye wa mwisho katika foleni ya wanaostahili kuubeba mzigo huu, naye ndiye aliyeubebeshwa.

Zipo njia nyingine. Ya kwanza ni mgao wa ngazi. Tuseme mkataba ungesema asilimia 10 ya kwanza ya mshuko inamezwa na kampuni, na kinachozidi hapo kinagawanywa nusu kwa nusu kati ya kampuni na watumiaji. Kwa mshuko ulioipandisha dola asilimia 39, watumiaji wangebeba nusu ya 29, yaani 14.5. Ada ya 360 ingefika karibu 412, si 500. Kampuni ingeweka gharama ya hatari hiyo kwenye bei yake ya awali, kweli, pengine 360 ingeanza ikiwa 380. Lakini ingekuwa bei inayojulikana siku ya kutia saini, nayo kampuni ingekuwa na sababu ya kutafuta mkopo wa shilingi au kununua kinga, jambo ambalo leo haina haja nalo.

Njia ya pili ni kurefusha muda badala ya kupandisha ada. Chile ilitumia mfano wa karibu na huo mwaka 1998 kwenye barabara ya Santiago kwenda Valparaíso na Viña del Mar: mkataba hauishi kwa tarehe, unaisha pale mapato yaliyokusanywa, yakirudishwa kwenye thamani ya siku ya kwanza, yanapofika kiasi alichoomba mshindi wa zabuni. Magari yakiwa machache, mkataba unarefuka. Yakiwa mengi, unafupika. Hakuna anayelazimika kurudi mezani kujadiliana upya kila hali ikibadilika.

Njia ya tatu ni kukopa shilingi, na tutaifikia kwenye daraja la Kigamboni, Dar es Salaam.

Lipo na jambo la usawa wa kanuni yenyewe. Mwaka 2024 shilingi ilijikwamua ikarudi kwenye 130 hivi kwa dola. Kwa uwiano uleule uliopandisha ada, 360 zidisha kwa 130 gawanya kwa 113 ni kama shilingi 414. Madereva waliendelea kulipa 500. Kipengele kinachopanda ngazi haraka na kushuka polepole, au kisichoshuka kabisa, kina kasoro, na kasoro hiyo hutokana na maandishi: kanuni ya kurekebisha ada lazima itaje tarehe za mapitio, kiwango cha ubadilishaji kitakachotumika na kinakochapishwa, na iseme kwa maneno kwamba mapitio ni ya pande zote mbili. Ikiandikwa kuwa kampuni "inaweza kuomba" marekebisho, kampuni itaomba inapofaidika, na hakuna atakayeomba kwa niaba yako.

Walipopatia

Tusiwanyime haki. Hatari mbili kubwa ziligawanywa vizuri, na ndizo zilizoangusha miradi mingi kabla ya huu.

Hatari ya ujenzi ilikaa kwa mkandarasi. Kampuni iliyojenga ndiyo iliyotafuta fedha na ndiyo inayoendesha. Ikichelewa, ilikuwa inachelewesha mapato yake yenyewe. Barabara ambayo ujenzi wake ulizinduliwa Oktoba 2019, ikavuka katikati ya janga la korona, ikafunguliwa Mei 2022, ni kazi ya haraka kwa eneo lenye mabomba, nyaya na magari mengi kiasi kile.

Hatari ya wingi wa magari nayo ilikaa kwa mwekezaji. Serikali ilieleza tangu mwanzo kwamba fedha zitarudi kupitia ada za watumiaji, si kupitia Hazina ya Taifa. Hapo pana tofauti kubwa na mikataba ambayo serikali huahidi kiasi cha chini cha mapato: magari yasipofika, mlipakodi asiyewahi kupita hapo anajazia pengo. Na ubishi wa ada ya 500 unaonyesha kwa nini hatari hii ikikaa kwa mwekezaji ina nguvu ya kumtia adabu. Ada ikipanda mno, magari yanashuka kwenye Mombasa Road, na hasara ni yake.

Ulinzi huo hata hivyo unategemea kitu kimoja: barabara ya bure ya chini kubaki barabara ya kweli. Mikataba mingi ya barabara za kulipia duniani hubeba kipengele cha barabara shindani, kinachoizuia serikali kuboresha njia ya bure iliyo jirani, au kuidai fidia ikifanya hivyo. Nairobi, hilo linagusa njia za mabasi ya kasi, upanuzi wa makutano, hata matengenezo ya Mombasa Road. Kipengele cha namna hiyo, kama kipo katika mkataba wowote, kinapaswa kusomwa na raia kabla ya saini, na kiwe kimeorodhesha kwa jina miradi ambayo serikali ina haki ya kuitekeleza bila kulipa kitu.

Hatari iliyosahaulika: palipo na mikono miwili

Ukitaka kuona hatari ikipewa mtu asiyeweza kuibeba, safari ni ya kaskazini, Loiyangalani kwenye Ziwa Turkana. Mradi wa umeme wa upepo una mitambo 365, jumla ya megawati 310 hivi. Mwekezaji alijenga mitambo. Serikali ndiyo iliyoahidi kujenga laini ya umeme, zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa. Mikataba miwili, wajenzi wawili, na tarehe moja ya kukutana.

Mitambo ilikuwa tayari mapema 2017. Laini haikuwapo. Mkandarasi wa laini kutoka Hispania alifilisika, wengine wakatafutwa, na umeme ukaanza kutiririka Septemba 2018. Katikati hapo mkataba wa ununuzi wa umeme ulikuwa unasema kitu rahisi: umeme ambao ungezalishwa na kununuliwa kama laini ingekuwapo, ulipwe kana kwamba umezalishwa. Faini iliyotajwa ilikuwa shilingi bilioni 5.7, na hatimaye mzigo wa namna hiyo huishia kwenye bili za watu wa Nairobi, Kisumu na Mombasa ambao hawakuona hata uniti moja.

Kipengele chenyewe hakikuwa cha ajabu. Hakuna benki itakayokopesha mitambo ya upepo nyikani bila kinga dhidi ya laini kuchelewa. Kosa lilikuwa kuipokea hatari hiyo serikalini bila kuihamisha tena kwa mkandarasi wa laini: dhamana ya benki ya kutosha, fidia ya kila siku ya kuchelewa inayokaribia kile serikali itakachodaiwa upande wa pili, na haki ya kumwondoa mapema dalili za kufilisika zikionekana. Serikali ilisimama katikati, ikidaiwa kikubwa huku na ikidai kidogo kule. Benki ya Dunia ilikuwa imejitoa kwenye dhamana ya mradi huo mwaka 2012 kwa wasiwasi kuhusu mzigo wa kununua umeme kuliko mahitaji. Onyo lilikuwapo mezani.

Kwa Expressway, sehemu ya namna hiyo ilikuwa ardhi na kuhamisha huduma: mabomba ya maji, nyaya za umeme, mifereji. Kwa kawaida jukumu la kukabidhi eneo likiwa wazi hubaki serikalini, na ndipo madai ya fidia ya mkandarasi huzaliwa. Anayepitia mkataba mpya wa barabara aende moja kwa moja kwenye ratiba ya kukabidhi ardhi. Ikiwa inasema eneo lote litakabidhiwa siku ya kwanza, na wenye viwanja hawajalipwa, basi faini imeshatiwa saini.

Kigamboni na faida ya kukopa nyumbani

Daraja la Nyerere la Kigamboni, Dar es Salaam, lililofunguliwa Aprili 2016, ni jirani mzuri wa kulinganisha. Sehemu kubwa ya fedha, asilimia 60, ilitoka NSSF ya Tanzania, mfuko wa hifadhi ya jamii unaotunza michango ya wafanyakazi, na 40 serikalini. Mwenye mtaji anahesabu faida yake kwa shilingi za Tanzania, na mvukaji analipa kwa shilingi hizohizo. Shilingi ikianguka dhidi ya dola, hakuna mkopeshaji wa nje wa kugonga mlango akitaka ada ipandishwe.

Kuna hatari nyingine ilijitokeza badala yake. Mwaka 2022 serikali ilishusha viwango vya tozo baada ya malalamiko ya muda mrefu ya wakazi wa Kigamboni. Wavukaji walifarijika, na walistahili. Lakini fedha zilizolijenga daraja ni za wastaafu wa kesho, na uamuzi wa kisiasa wa kushusha tozo, bila pengo kujazwa, unawahamishia wao mzigo. Mkataba mzuri huliandika hili mapema: serikali ina haki ya kushusha ada, na ikishusha, inalipa tofauti kutoka kwenye bajeti iliyopitishwa bungeni, au inarefusha muda wa kukusanya kwa kanuni iliyokubaliwa. Mwanachama wa NSSF asiwe bima ya bure ya kila ahadi ya jukwaani.

Dar es Salaam hiyohiyo ina somo la takwimu. Mwaka 2003 uendeshaji wa maji ulikabidhiwa City Water, kampuni iliyoundwa na Biwater ya Uingereza, Gauff ya Ujerumani na mbia wa Kitanzania, kwa mkataba wa miaka kumi. Aliyebaki kwenye zabuni alikuwa mmoja tu. Makusanyo yakashindwa kufika yalipokadiriwa, kampuni ikataka kujadiliana upya, na Mei 2005 serikali ikavunja mkataba. Kesi ilifika usuluhishi wa kimataifa. Mwaka 2008 baraza liliamua kwamba Tanzania ilikiuka mkataba wa kulinda uwekezaji, lakini halikuipa kampuni fidia, kwa kuwa biashara yenyewe haikuwa tena na thamani ya kulipiwa. Chanzo cha yote kilikuwa takwimu za mwanzo: wateja wangapi, mita ngapi, maji kiasi gani yanapotea njiani. Mzabuni akikadiria bila takwimu hizo, hapati hasara kimyakimya. Anarudi kuomba masharti mapya.

Rironi hadi Mau Summit: wamejifunza kiasi gani?

Mkataba mpya mkubwa Kenya ni wa barabara ya Rironi, Naivasha, Nakuru hadi Mau Summit. Una historia. Mwaka 2020 serikali ilitia saini na kundi la kampuni za Ufaransa, Vinci na Meridiam, kwa mfumo tofauti kabisa na Expressway: serikali ingekusanya ada na kuilipa kampuni kiasi kilichopangwa kwa kuiweka barabara katika hali inayotakiwa, magari yawe mengi au machache. Hatari ya wingi wa magari ilikuwa kwa serikali. Serikali iliyofuata ikaona mzigo ni mkubwa, mazungumzo yakakwama, mkataba ukavunjwa 2025, na fidia iliyotajwa ni shilingi bilioni 6.2, bila hata kilomita moja kujengwa.

Kila anayesaini aisome sura ya kuvunja mkataba kabla ya sura ya ujenzi. Kwa kawaida ina milango mitatu. Serikali ikikosea au ikiamua tu kujiondoa, inalipa deni lililobaki, mtaji wa wawekezaji na sehemu ya faida waliyoikosa. Kampuni ikikosea, wakopeshaji hurudishiwa sehemu ya deni, na wenye hisa hupoteza. Likitokea janga lisilozuilika, deni na mtaji hurudi, faida hairudi. Mlango wa kwanza ndio ghali, na ndio serikali mpya huupitia mara nyingi baada ya uchaguzi. Gharama yake inapaswa kuonekana kila mwaka kwenye taarifa ya Hazina kama deni linaloweza kutokea.

Mradi sasa umegawiwa CRBC ikiwa na NSSF ya Kenya upande mmoja, na Shandong Hi-Speed upande wa pili. Ada iliyotangazwa ni shilingi 8 kwa kilomita kwa gari dogo, ikipanda asilimia 1 kwa mwaka. Linganisha: Expressway, 500 gawanya kwa 27.1, ni zaidi ya shilingi 18 kwa kilomita. Si ulinganisho sawa kabisa, kwa sababu barabara ya juu ya nguzo katikati ya jiji hugharimu zaidi kwa kilomita. Lakini muundo wa bei ndio tunaoupongeza. Ongezeko la asilimia 1 linajulikana leo, linahesabika: shilingi 8 inafika kama 8.84 baada ya miaka kumi. Kuwepo kwa NSSF kunaleta mtaji wa shilingi. Tunachotaka kukiona kwenye maandishi ni kama asilimia 1 ndiyo ongezeko pekee, au kuna kipengele cha dola kilichokaa pembeni kama kile kilichotufikisha 500. Vikiwepo vyote viwili, tangazo la shilingi 8 ni nusu ya habari.

Yanayobaki

Kwa Expressway, mambo matatu yangepandisha alama zetu za mkataba kutoka tano hadi saba, na yote yanawezekana bila kuuvunja.

Mkataba uchapishwe. Sheria ya ubia ya Kenya ya 2021 inatambua uwazi. Siri za kibiashara zinaweza kufunikwa kurasa chache, lakini kanuni ya ada, vipimo vya huduma na sura ya kuvunja mkataba si siri za biashara. Anayelipa ana haki ya kuzisoma.

Kampuni ikikopa upya kwa riba nafuu, faida igawanywe. Miradi hukopa ghali wakati wa ujenzi, hatari ikiwa juu, kisha hukopa upya barabara ikishafunguka na magari yakionekana. Pasipo kipengele cha kugawana, nafuu yote huenda kwa wenye hisa, ilhali hatari iliyopungua ilibebwa na wengi. Nusu kwa nusu ni mgao wa kawaida.

La mwisho ni hali ya kukabidhi. Katika ile miaka 30 ya mkataba, mitatu ilikuwa ya ujenzi. Miaka 27 ya uendeshaji kuanzia 2022 inatufikisha 2049. Mwendeshaji anayekaribia kuondoka hana hamu ya kutumia fedha kwenye viungio vya daraja, mipira ya kubebea sakafu juu ya nguzo, na tabaka la lami ambalo mtu mwingine ndiye atakayelitumia. Kwa hiyo ukaguzi wa pamoja uanze miaka mitano kabla, orodha ya matengenezo itoke na bei yake, na sehemu ya ada iwekwe kwenye akaunti maalumu ambayo kampuni haiigusi mpaka mhandisi huru atie saini kwamba kazi imefanyika. Viungio vya daraja ndivyo vya kuanza navyo, maana ndivyo huchakaa kwanza, na kishindo chake dereva hukisikia kabla mkaguzi hajafika.